Kabla ya Moto, Kipimo: Jinsi Gia ya Leithi Ilivyorudishwa Kazini Karagwe

Mlio ulikuwa mmoja tu, mkavu, kama jiwe lililopasuliwa kwa nyundo. Kijana aliyekuwa akivuta bomba refu alipiga magoti kando ya kitanda cha leithi, na ile chaki, kishikio cha taya kinachobana kipande cha kukerezwa, aliyokuwa akihangaika kuifungua ilikuwa bado imekaza palepale. Tulipofungua kifuniko cha gia tuliokota meno matatu ndani ya mafuta mazito ya zamani. Jino la nne lilikuwa limesimama, lakini shinani lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Karakana yenyewe iko pembezoni mwa Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe. Leithi hiyo, mashine ya kukerezea vyuma, ni ya Kiingereza na vipimo vyake ni vya inchi. Imetumika miaka mingi kiasi kwamba kibao cha jina la kiwanda kimesuguliwa hadi hakisomeki. Lakini bado ina kazi kubwa. Shafti za mashine za kukoboa kahawa huletwa hapo msimu unapochanganya, na bushi za mashine za kusaga mahindi huja mwaka mzima. Kutoka Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, huja pampu na puli za wachimbaji wa madini ya bati. Leithi ikisimama Kayanga, mtu wa Nkwenda au wa Murongo huenda akalazimika kupakia shafti yake kwenye basi hadi Bukoba au Mwanza, na kahawa yake inamsubiri gunia juu ya gunia.

Kwa hiyo kila aliyekuwepo alitaka jambo moja: washa mashine ya kuchomelea, jaza chuma palipokatika, piga tupa, kazi iendelee. Hatukufanya hivyo. Uchambuzi huu unaeleza tulichofanya badala yake, kwa sababu naamini gia nyingi zinazokufa katika karakana zetu huuawa na moto uliowashwa kabla ya mtu kupima.

Chanzo: jino halikatiki bure

Swali la kwanza lilikuwa kwa nini meno yale yalikatika. Jibu lilikuwa mikononi mwa kijana yule, na hakuwa na kosa la peke yake. Alifanya alivyofundishwa, kama nilivyofundishwa mimi nikiwa na umri wake.

Leithi za namna hii zina gia za nyuma. Ukiziunganisha na kuchomoa pini inayoshikanisha puli na gia kubwa ya spindo (shafti kuu inayobeba chaki), mwendo unapungua na nguvu inaongezeka, nawe unaweza kukereza kipande kipana au kukata nyuzi za skrubu taratibu. Ukiziunganisha bila kuchomoa pini, gia zinapingana zenyewe kwa zenyewe na spindo inajifunga. Mafundi wengi hutumia ujanja huo kuizuia spindo wanapotaka kufungua chaki iliyoganda.

Hebu tupige hesabu. Mtu anavuta kwa nguvu ya kilo 40 kwenye bomba la mita moja. Gia kubwa ya spindo ina nusu kipenyo cha milimita 59 hivi pale meno yanapokutana. Gawanya mita moja kwa milimita 59, zidisha kwa 40, unapata zaidi ya kilo 670 juu ya jino moja au mawili. Na mtu havuti polepole, anavuta kwa kushtukiza. Jino la chuma cha kusubu, kile mafundi tunachokiita kasti, huvumilia kukandamizwa lakini halivumilii kupigwa.

Kama tungerudisha meno bila kubadili desturi hiyo, tungekuwa tunatengeneza meno ya kuvunjwa tena. Kwa hiyo kazi ilianza kwenye chaki. Tuliichomoa spindo pamoja na chaki yake, tukaibana kati ya vipande viwili vya mti mgumu vilivyochongwa nusu duara, tukaimwagia mafuta ya taa kwenye nyuzi na kuiacha siku mbili. Siku ya tatu chaki ilifunguka kwa kugongwa kidogo tu kwenye taya.

Hesabu ya meno

Spindo ikiwa mezani tulikuwa na nafasi ya kupima kila kitu, na tuliitumia yote. Gia ilikuwa na meno 56, tukihesabu na yale yaliyokatika. Kipenyo cha nje, kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili, kilisoma milimita 122.5.

Kanuni ni fupi na inafaa kuandikwa ukutani: chukua kipenyo cha nje, gawanya kwa idadi ya meno ukiongeza mawili. Hapa ni 122.5 gawanya kwa 58, sawa na 2.11. Namba hiyo ndiyo moduli, kipimo kinachosema jino ni kubwa kiasi gani. Gia mbili haziwezi kufanya kazi pamoja kama moduli zao hazilingani, hata zikionekana ndugu.

Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Moduli 2.11 haipo katika orodha ya viwanda vinavyotumia milimita. Fundi mwenye haraka atasema ni moduli 2 iliyolika, aagize gia ya moduli 2. Lakini gia ya moduli 2 yenye meno 56 ina kipenyo cha milimita 116 kamili. Meno hulika na kupungua, hayaongezeki, kwa hiyo gia ya 116 haiwezi kusoma 122.5.

Jibu liko upande wa inchi. Waingereza na Wamarekani wa zamani walipima kwa kuhesabu meno yanayoingia katika kila inchi moja ya kipenyo, kipimo kinachoitwa DP. Gawanya 25.4 kwa moduli uliyoipata. Hapa 25.4 gawanya kwa 2.11 inatoa 12 na ushei mdogo sana. Gia ilikuwa ya DP 12. Ilipokuwa mpya kipenyo chake kilikuwa milimita 122.77, na ile robo ya milimita iliyopungua ndiyo miaka yake ya kazi.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye gia za DP 12, kutoka jino hadi jino ni milimita 6.65. Kwenye moduli 2 ni milimita 6.28. Kila jino linakosea kwa milimita 0.37, na meno mawili yakikutana kwa pamoja, moja linakwama juu ya jingine. Gia kama hiyo utaifunga, itapiga kelele siku moja, na siku ya pili itavunja mwenzake.

Mtego wa pili unamngoja anayeagiza kisu cha kukatia meno kwenye mashine ya kufraizi. Kila ukubwa wa jino una seti ya visu 8, kila kimoja kwa kundi lake la idadi ya meno. Kwa meno 55 hadi 134, kisu cha mfumo wa DP ni namba 2. Katika mfumo wa moduli namba zinahesabiwa kinyume, na kisu cha kundi hilohilo ni namba 7. Ukiagiza kwa namba tu bila kutaja mfumo, unaweza kuletewa kisu kipya, kikali, kisichokufaa kabisa.

Tulipima pia kipenyo cha spindo mahali gia inapokaa, upana wa kii (kabari inayoifunga gia kwenye spindo) na kina cha mfereji wake, tukayaandika yote kwenye daftari. Kisha tulikereza, kwenye leithi ya jirani, kipande cha chuma chenye kipenyo kilekile cha spindo. Sababu ya kufanya hivyo itaonekana mbele.

Kwa nini hatukuchomelea

Moto si mgeni katika mkoa huu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu tanuri za kuyeyushia chuma za Buhaya, ng'ambo ya pili ya mkoa wetu, zenye umri wa kati ya miaka 1,500 na 2,000. Hapa Karagwe, msafiri Mwingereza John Speke alipofika mwaka 1861 alimkuta Rumanyika, mtawala wa ufalme uliohesabu vyombo vya mhunzi miongoni mwa alama za enzi. Pale Bweranyange, makao ya ufalme huo, nyundo na ng'ombe wadogo wa chuma vilikuwa mali ya ikulu. Wazee wetu walijua udongo upi ujenge tanuri na mkaa wa mti upi uwake humo, wala hawakuvukuta kwa kubahatisha. Tunaporithi moto wao, turithi na umakini wao.

Kasti ina kaboni nyingi, kiasi cha asilimia 2.5 hadi 4, na kwenye kasti ya kijivu sehemu kubwa ya kaboni hiyo imekaa kama vipande vyembamba vya grafaiti vilivyotawanyika ndani ya chuma. Ukiiyeyusha mahali padogo kwa umeme, kisha ikapoa haraka, kaboni haipati muda wa kurudi kuwa grafaiti. Kando ya mshono unabaki ukanda mgumu kama kioo, tupa inateleza juu yake, na ufa huanzia hapo. Njia salama ipo: pasha gia nzima moto kwanza, tumia vijiti vya nikeli, choma vipande vifupi vya sentimita mbili au tatu, gonga kila kipande kikiwa bado cha moto, kisha fukia gia kwenye majivu ipoe usiku kucha. Kulehemu kwa brasi ni njia pole zaidi, kwa kuwa brasi hushika kwenye joto la nyuzi 900 hivi, kabla kasti yenyewe haijayeyuka. Anayechagua brasi asafishe jeraha kwa tupa, kwa sababu jiwe la grinda huipaka grafaiti juu ya chuma na brasi inakataa kushika.

Njia zote mbili zingefaa kwa gia nyingine. Kwa hii tulikuwa na sababu ya kuiepusha na joto lolote: meno yake mazima yangetumika kugawanya meno ya gia mpya. Gia iliyopashwa moto inaweza kujipinda kidogo, na kosa lake lingehamia kwa mrithi wake.

Meno ya muda

Msimu wa kahawa haukuweza kusubiri gia mpya, kwa hiyo tulianza na meno ya muda, bila moto. Jino la nne lenye ufa tulilikata. Visiki vyote vinne tukavisawazisha kwa tupa. Jino la DP 12 ni jembamba, milimita 3.3 katikati yake na kama milimita 4.6 shinani, kwa hiyo parafujo kubwa haingii. Tulitumia parafujo za chuma za milimita 4, tano kwa kila jino, zikiwa zimepangwa kwa mstari kwenye upana wa gia wa milimita 25. Matundu yalitobolewa kwa keke ya milimita 3.3, kina milimita 8, yakakatwa nyuzi, na parafujo zikazamishwa hadi mwisho kisha zikakatwa kwa urefu wa jino.

Hapo gia ilikuwa na safu nne za vigingi. Tupa ndiyo iliyovigeuza kuwa meno. Tulikata kibati chembamba kikalingana na nafasi kati ya meno mawili mazima, tukawa tunakiingiza kila baada ya mikwaruzo michache. Gia ilirudi mahali pake, na leithi ikafanya kazi msimu mzima, kazi nzito za mwendo wa chini zikikataliwa. Gia nyingi za zamani zimezeeka na meno ya namna hii. Fundi asiye na uwezo wa kutengeneza gia mpya asione aibu kuishia hapo, mradi ajue uzito wa kuyabebesha.

Leithi inajitengenezea gia

Baada ya msimu tuligeukia gia yenyewe. Hatukuwa na mashine ya kufraizi wala kichwa cha kugawanyia. Tulikuwa na leithi, na leithi iliyo na gia kubwa kwenye spindo tayari ina kigawanyio chenye nafasi 56.

Chuma kilitoka kwenye bamba nene la milimita 30. Tulikata duara la milimita 140 kwa gesi, tukaliacha lipoe ndani ya majivu, kwa kuwa ukingo uliokatwa kwa gesi huwa mgumu. Ile ziada ya milimita 8 na ushei kila upande ilikuwa ya kuondoa ukingo huo wote. Kwa kuwa hatukutaka kuyatwisha mzigo meno ya muda, tulikereza kwa mwendo wa moja kwa moja, ambao kwenye leithi hii hauteremki chini ya mizunguko 200 hivi kwa dakika. Kwenye kipenyo kama hicho ukingo wa chuma hupita mbele ya kisu kwa zaidi ya mita 75 kwa dakika. Kisu cha kawaida cha chuma cha kasi kingeungua, hivyo tulitumia chenye ncha ya kabaidi.

Hapa ndipo kile kipande tulichokikereza kwa jirani kilipotufaa. Spindo ilikuwa imerudi ndani ya mashine na imefunikwa na gia ya zamani, haikuwezekana kuijaribishia gia mpya. Tulitoboa tundu tukilijaribu kwa kipande hicho hadi kikaingia kwa kusukumwa kwa kiganja. Kisha gia ilipandishwa kwenye mandreli, shafti ya kushikia kipande, kati ya ncha mbili za leithi, na ukingo wa nje ukakerezwa hapo hadi milimita 122.77, ili tundu na ukingo viwe na kitovu kimoja.

Umeme ulizimwa na kuchomolewa kabisa. Tulifunga kwenye kichwa cha leithi pini yenye ncha inayoingia kati ya meno mawili ya gia ya zamani. Pini ikiingia, spindo imesimama. Ukiichomoa na kusogeza jino moja, umegawanya sehemu moja kati ya 56. Kiungo kati ya spindo na mandreli tulikikaza pande zote mbili, maana ulegevu wowote pale ungekuwa kosa kwenye jino.

Meno manne ya muda yalichongwa kwa jicho na tupa, na nafasi tano zinazoyagusa hazikuaminika. Tulifunga pini ya pili, robo ya mzunguko kutoka ya kwanza. Pini ya kwanza ilipokaribia eneo hilo, tuliiacha imeshika nafasi nzima, tukairekebisha ya pili hadi ikaingia sawasawa mahali pake, tukaikaza. Kuanzia hapo ya pili ilihesabu zile nafasi tano, kisha ya kwanza ikarudi kazini. Kwa njia hiyo hakuna jino jipya lililopimwa kwa jino la kubahatisha.

Kisu cha kukatia tulikinoa kufuata umbo la nafasi kati ya meno ya zamani. Meno yalikuwa yamelika, lakini kwenye ukingo mmoja wa gia, ambako gia mwenzake haikuwa ikifika, ulibaki ukanda mwembamba wenye umbo la kiwandani. Huo ndio tulioufuata. Kisu kilifungwa kimelala ubavu, kikasukumwa mbele na nyuma kwa mkono kwa kuzungusha gurudumu la kitoroli cha leithi, kikikwangua sehemu ya ishirini ya milimita kila safari. Kina cha jino ni milimita 4.57. Hizo ni safari zaidi ya 90 kwa kila nafasi, na kwa nafasi 56 ni zaidi ya 5,000. Msumeno ulitusaidia kufungua njia katikati ya kila nafasi, na watu wawili walipokezana. Mfereji wa kii ulikatwa mwisho, kwa namna ileile.

Kuifunga na kuilinda

Spindo ilichomolewa kwa mara ya pili, gia mpya ikaingia. Kwa kuwa shafti ya gia za nyuma kwenye leithi hii inakaa kwenye ekisentriki (bushi ambayo kitovu chake kiko pembeni), umbali kati ya gia unarekebishika. Tuliweka karatasi ya kawaida ya daftari kati ya meno, unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita, tukabana hadi ikashikwa, tukakaza, tukaitoa. Kisha tulipaka meno masizi yaliyochanganywa na mafuta na kuizungusha kwa mkono. Masizi yalifutika katikati ya meno kwa upana karibu wote. Meno matatu yaligusa kwenye ncha, tukayalainisha kwa tupa.

Jambo moja linahitaji kusemwa bila kuficha. Gia mpya ni ya chuma imara kuliko kasti. Nguvu ile ya bomba ikirudi, haitavunja hapo tena. Itahamia kwenye gia ndogo ya shafti ya nyuma, ambayo ni ngumu zaidi kuitengeneza. Kwa sababu hiyo, msumarini kando ya leithi sasa kumetundikwa kigogo cha mti mgumu. Chaki ikiganda, kigogo kinasimamishwa kati ya taya na kitanda cha leithi, spindo inazungushwa kinyume kwa mkono kwa kuvuta mkanda, na pigo linapita kwenye mti bila kugusa jino lolote.

Ile gia ya zamani haikuuzwa skrepa. Imehifadhiwa kabatini na vigingi vyake, kwa siku ambayo mtu atahitaji kugawanya duara kwa 56. Na kabla ya kufunga gia mpya, yule kijana aliyevuta bomba alichukua nyundo na mihuri ya namba akagonga ubavuni mwake: 56, kisha 12 DP. Kazi hiyo ilimchukua dakika chache. Fundi atakayefungua kifuniko kile baada yetu atakuta kipimo kinamngoja, hata kabla hajatafuta kiberiti.